Waifai Igawanywe, Isifungwe

Leo kalamu yangu inagusa jambo linalotukera sana sisi wanafunzi wa kutwa: waifai ya shule.

Visanduku vya waifai vimebandikwa maabarani, maktabani na katika ofisi ya walimu, lakini sisi tumenyimwa neno la siri. Tunaambiwa kwamba alama za mtihani na rekodi za karo zimo katika mtandao huo huo, na mwanafunzi mtundu anaweza kuzichungulia. Mgala muue na haki yake umpe: hofu hiyo ni ya kweli. Lakini jamani, dawa yake si kumfungia kila mtu mlango.

Kisanduku kimoja kinaweza kubeba mitandao pepe miwili, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri. Data hutiwa nambari, tuseme 10 kwa walimu na 20 kwa wanafunzi, kisha swichi huzitenganisha kama matatu za ruti mbili: barabara ni moja, ila abiria hawachanganyiki. Kanuni hiyo, 802.1Q, ilitolewa 1998, kwa hivyo si jambo geni. Sharti ni kwamba ruta iamriwe isipitishe kitu kutoka 20 kwenda 10. La sivyo, abiria watakutana steji!

Walimu nao watafaidika. Sasa visanduku vitatu vina majina matatu, na mwalimu akihama na kipakatalishi chake inambidi aunganishe upya. Vikipewa jina moja, neno la siri moja na nambari ile ile, kipakatalishi kitahama chenyewe. Tena nguvu isiwekwe ya juu kabisa kila mahali. Kifaa ndicho huamua kuhama, na kikisikia kisanduku cha mbali kingali na sauti kubwa, huking'ang'ania hicho hicho.

Kuna watakaosema tutapoteza wakati kwa michezo na video. Basi mtandao wetu upunguzwe kasi, tovuti zisizofaa zifungwe, na uzimwe saa 11 jioni. Yote hayo yawezekana bila kuwagusa walimu.

Wengi wetu tukifika nyumbani hakuna intaneti, na pengine hata stima hakuna. Saa za shule ndizo saa zetu. Naiomba bodi ilijadili jambo hili muhula ujao.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu