Novemba Ikifika, Moyo Wangu Huhamia Houston

Kila mtu ana ugonjwa wake. Nina jirani ambaye Gor Mahia ikifungwa, hali chakula cha jioni na mkewe amekwishazoea, hampakulii. Mwingine huvaa jezi ya Arsenal hata akienda kuchota maji. Ugonjwa wangu mimi uko mbali zaidi. Mimi ni shabiki wa timu ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha Houston, jimbo la Texas, kule Marekani.

Usinicheke. Sijawahi kukanyaga Houston. Sina ndugu anayesoma huko. Mama watoto huniuliza kila mwaka, "Baba Neema, hao watu wanakujua?" Nami humjibu kwamba mapenzi ya kweli hayadai risiti.

Msimu wa vyuo kule huanza mwezi wa Novemba. Timu hucheza mechi thelathini na kitu, kisha mwezi wa Machi timu zilizochaguliwa huingia katika mashindano ya mtoano. Ukifungwa mara moja tu, unafunga virago. Hakuna mkondo wa pili wala hakuna kusema tutarekebisha wiki ijayo. Timu kubwa inayoanzia katika raundi ya 64 inahitaji ushindi wa mechi sita ili kulibeba kombe. Sita tu! Lakini hizo sita zimewaliza wanaume wazima.

Ugonjwa huu niliurithi kwa marehemu baba. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya upili, mtu wa filimbi shingoni na raba nyeupe. Sebuleni kwetu ukutani palikuwa na picha mbili tu: ya harusi yao na ya kijana mmoja mrefu, iliyokatwa gazetini, mwenye jezi namba 34. Kwa miaka mingi nilidhani kijana yule ni mjomba wetu.

Alikuwa Hakeem Olajuwon. Kijana wa Lagos, Nigeria, aliyewahi kuwa mlinda lango wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kuushika mpira wa vikapu akiwa tayari mkubwa. Mwaka 1980 alifika Houston. Baada ya miaka mitatu tu alikuwa akicheza fainali ya vyuo vya Marekani. Baba alipenda kuwasimulia wanafunzi wake habari hiyo, hasa wale waliosema wamechelewa kuanza.

Lakini fainali yenyewe ndiyo iliyomtia baba kidonda. Ilikuwa Aprili 1983, mjini Albuquerque. Houston ilikuwa imeshinda mechi 26 mfululizo, na ilikuwa na Olajuwon pamoja na Clyde Drexler. Wapinzani wao, North Carolina State, walikuwa wamefungwa mara kumi msimu huo. Nani angewapa nafasi? Mechi ikafika 52 kwa 52, sekunde zikiyoyoma. Dereck Whittenburg akaurusha mpira kutoka mbali, ukapungukiwa na nguvu. Mwenzake Lorenzo Charles akaudaka hewani na kuuchomeka kikapuni. Ikawa 54 kwa 52, na mchezo ukaishia hapo. Olajuwon alichaguliwa mchezaji bora wa awamu ile ya mwisho, ingawa timu yake ilifungwa. Mwaka uliofuata, 1984, walirudi fainali wakafungwa na Georgetown ya Patrick Ewing, 84 kwa 75.

Baba hakuwahi kumlaumu Charles. Alisema, "Houston hawakuuawa na yule kijana. Waliuawa na mitupo huru." Ni kweli walikuwa wamekosa mitupo kadhaa ya bure dakika za mwisho. Na sisi watoto wake, kila tulipopoteza alama za rahisi katika mtihani, tuliambiwa, "Tazama, umekosa mitupo huru!"

Pana sababu nyingine iliyomfanya baba aipende timu hii. Miaka ya sitini, kusini mwa Marekani, weusi hawakuwa wakikaribishwa kila mahali. Houston, chini ya kocha Guy Lewis, iliwachukua Elvin Hayes na Don Chaney, wachezaji weusi wa kwanza wa timu hiyo. Tarehe 20 Januari 1968, mbele ya watu 52,693 katika uwanja wa Astrodome, Hayes alifunga pointi 39 na Houston ikaifunga UCLA iliyokuwa haifungiki, 71 kwa 69. UCLA hiyo ilikuwa na yule kijana ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Ni kweli miezi miwili baadaye UCLA ililipiza kisasi kikali, 101 kwa 69. Baba hakuisahau sehemu hiyo. Aliisimulia kwa sauti ya chini kidogo, basi.

Baada ya miaka ya themanini, timu ilididimia. Miaka mingi ikapita hata jina lake likawa la kuulizia. Mwaka 2014 akaja kocha Kelvin Sampson, mtu wa kabila la Lumbee, Wamarekani asilia wa North Carolina. Naye hakuja akiwa msafi kama pamba. Mwaka 2008 alikuwa ameondoka chuo kingine kwa kosa la kuwapigia simu wachezaji kinyume cha kanuni, akafungiwa miaka mitano. Msimu wake wa kwanza Houston alishinda mechi 13 na kufungwa 19. Kwetu angefukuzwa kabla ya Krismasi. Wao wakamvumilia. Mwaka 2021 aliifikisha timu nusu fainali, na mwaka 2025 akaifikisha fainali.

Na hapo, msomaji, ndipo ninapotaka tuketi kidogo.

Aprili 2025 shule zilikuwa zimefungwa, na mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja kwetu likizo. Alikuja kimya. Dada yangu alikuwa amenidokezea kwa simu. Katika michezo ya shule ya muhula wa kwanza, timu yao ilikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde chache zimebaki, mpira uko mikononi mwake. Ukamponyoka, ukatoka nje. Shule nzima ilikuwa pale. Wenzake wakampachika jina ambalo sitaliandika hapa. Viatu vyake vya kuchezea alikuwa amevitia katika mfuko wa plastiki na kumwambia mama yake avigawe.

Sikumwambia neno. Nilimwamsha tu alfajiri ya Jumapili, saa kumi kasorobo, tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Houston ilikuwa ikicheza nusu fainali na Duke. Ikawa nyuma kwa pointi 14. Mpwa wangu akapiga miayo, akauliza kama anaweza kurudi kulala. Nikamwambia, "Ngoja." Houston wakapanda, wakapanda, mwishoni wakafunga pointi tisa mfululizo bila jibu, wakashinda 70 kwa 67. Kelele zetu zilimwamsha mama watoto, naye alitusomea sheria za nyumba akiwa mlangoni na leso kiunoni.

Jumanne alfajiri ikawa fainali na Florida, mjini San Antonio. Safari hii ni yeye aliyeniamsha. Houston iliwahi kuongoza kwa pointi 12 kipindi cha pili. Mimi nilikwisha anza kupanga maneno ya kwenda kumwambia baba kaburini. Kisha mambo yakaharibika polepole. Florida wakafika, wakapita, 65 kwa 63. Zimebaki chini ya sekunde 20, mpira ni wa Houston. Ukamfikia Emanuel Sharp. Akaruka atupe mtupo wa pointi tatu. Akiwa hewani akamwona Walter Clayton akimjia kwa kasi na mkono juu. Angetupa, ungezuiwa. Akauachilia mpira chini. Sasa hawezi kuugusa tena, maana kwa kanuni akiwa wa kwanza kuugusa ni kosa la kutembea na mpira. Akasimama akiutazama ukidunda mbele yake kama mtoto wa mtu. Florida wakaurukia. Mechi ikaisha.

Sharp aliinama pale pale sakafuni. Nilimtazama mpwa wangu kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameuma kidole.

Baadaye sana, chai imepoa, akaniuliza, "Mjomba, huyo naye ataacha?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni hadithi ya baba yake Sharp. Derrick Sharp alichezea Maccabi Tel Aviv ya Israeli. Aprili 2004 timu yake ikiwa inakata roho mbele ya Zalgiris ya Lithuania, alitupa mtupo wa pointi tatu dakika ya mwisho kabisa, mechi ikaingia muda wa ziada, Maccabi wakashinda, na mwaka huo wakawa mabingwa wa Ulaya. Baba anakumbukwa kwa mpira ulioingia. Mwana akajulikana kwa mpira ambao haukutupwa. Ni damu moja na nyumba moja, na bila shaka walifundishwa mtupo ule ule. Mpwa wangu akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ni sekunde tu."

Jibu lenyewe lilikuja baadaye. Emanuel Sharp hakuacha. Alirudi Houston kucheza msimu wa 2025-26, mwaka wake wa mwisho chuoni, mbele ya mashabiki wale wale waliomwona ameinama.

Basi, msimu mpya ukikaribia ninatumaini nini? Sitakutajia majina, kwa sababu siku hizi timu ya chuo ni kama matatu: wanaopanda na kushuka ni wengi. Tangu 2021 vijana wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Sioni ubaya kijana kulipwa jasho lake, maana wakubwa walikuwa wakichuma juu ya migongo yao miaka mingi. Ombi langu ni kwamba angalau wachache wakae muda wa kutosha kuzijua njia za chuo gizani.

Natumaini pia kuwa hawatasahau kazi chafu. Timu za Sampson zilijulikana kwa kupigania mpira unaorudi kutoka ubaoni. Mazoezini kikapu hufunikwa makusudi ili mpira usiingie, na vijana wajifunze kuugombea. Nalipenda zoezi hilo kuliko mengine yote. Fikiria mtu anayefundishwa kwamba mpira hautaingia, na bado aruke!

Natumaini mitupo huru iingie. Hilo ni kwa ajili ya baba.

Na kombe? Nalitaka, kwa nini nikudanganye? Fainali za 1983, 1984 na 2025 zote ziliishia kwa machozi. Lakini tafadhali nielewe, hasa ninyi wanafunzi mnaonisoma: matumaini si kamari. Sijaweka hata shilingi kumi juu ya Houston, wala sitaweka. Anayecheza kamari timu ikifungwa hupoteza karo, na shabiki hupoteza usingizi tu. Usingizi hulipika.

Mkeo au mumeo akiwa na ugonjwa kama wangu, mvumilie. Mtoto wako akirudi na aibu ya uwanjani, usimwambie ni mchezo tu, maana kwake si mchezo tu. Keti naye, mtazame watu wengine wakishindwa vizuri. Mengine atayaona mwenyewe.

Yule mpwa wangu hakuniambia lolote alipoondoka mwisho wa likizo ile. Lakini wiki moja baadaye dada yangu alinipigia simu akilalamika. Kijana alikuwa ameuchimbua ule mfuko wa plastiki, akavipeleka viatu kwa fundi pale stendi kutiwa soli, na fundi alikuwa akidai shilingi mia tatu na hamsini.

Nilizituma hapo hapo, na za kutolea.