Chagua njia kwa miguu yako, si kwa sifa za mlima

NYAYO ZA WIKI
Na Halima Mshana

Mtanzania akiulizwa habari za kupanda mlima, neno la kwanza ni Kilimanjaro na la pili ni gharama. Hapo mazungumzo huishia. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na kukifikia kunahitaji siku tano au zaidi, mwongozaji, wapagazi, nguo za baridi kali na fedha ambazo familia nyingi zina kazi nyingine nazo. Basi anayetamani kutembea milimani huahirisha mwaka hadi mwaka, akingoja safari kubwa ambayo haiji. Wakati huohuo basi linalompeleka likizo nyumbani hupita chini ya vilima vyenye njia nyepesi, nzuri na za bei anayoimudu.

Heshima ya Kilimanjaro ina sababu zake. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni, na tangu hapo mlima huo ukawa sehemu ya simulizi ya taifa. Lakini heshima hiyo imezaa mazoea mabaya: watu huchagua mlima kwa jina lake, kisha ndipo waanze kujiuliza kama miguu inaweza. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Mtu aanze na hali ya mwili wake, umri wa watoto alionao na saa alizonazo, halafu atafute njia inayolingana na hayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Mang'ula, mkoani Morogoro, yapata kilomita 60 kusini mwa Mikumi kwa barabara iendayo Ifakara. Hapo ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 1,990. Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara ya kuzunguka kwa gari. Waziri, mwanafunzi na mtalii aliyetoka mbali, wote hushuka na kutembea.

Kwa sababu hiyo njia za Udzungwa zimepangwa kwa ngazi, na ngazi hizo zinaeleweka. Ya chini kabisa ni njia fupi ya kilomita moja hivi iliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi. Inachukua chini ya saa moja, na mtoto wa darasa la kwanza anaimaliza akiwa bado na nguvu za kucheza. Inafuata Sonjo, ya kama kilomita mbili na nusu, ambayo hutengewa saa mbili. Juu yake iko Sanje, ya kilomita zipatazo tano, na hii ndiyo iliyoipa Udzungwa umaarufu. Maporomoko yake yanashuka mita 170, na kutoka juu mtu huona bonde la Kilombero likiwa limetandazwa mashamba ya miwa. Baada ya hapo mambo hubadilika: Mwanihana ni safari ya siku tatu ya takriban kilomita 38, inayopita msituni hadi kilele cha zaidi ya mita 2,000, na anayeifanya hulala kwenye hema.

Msitu wenyewe unamlipa kila mtu sawa, awe wa kilomita moja au wa siku tatu. Mbega wekundu wa Udzungwa huruka matawini karibu kabisa na ukingo wa msitu. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walimtambua hapa nyani mdogo wa msituni ambaye sayansi haikuwa ikimjua, na leo anabeba jina la Sanje. Mnyama huyo hapatikani porini kwingine kokote duniani isipokuwa katika milima hii.

Sanje pia inafundisha jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kilomita tano kwenye barabara ya lami ni mwendo wa saa moja. Kilomita tano za Sanje hutengewa saa nne. Tofauti hiyo haitokani na urefu wa njia bali na mwinuko, joto la bondeni, mizizi na mawe. Kwa hiyo swali la kwanza la mpandaji lisiwe "ni kilomita ngapi?" bali "tunapanda mita ngapi?"

Ipo kanuni ya zamani inayosaidia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa hesabu ambayo, kwa vipimo vya leo, inasema hivi: weka saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuijaribu kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Kutoka lango la Marangu, lililo kwenye mita zipatazo 1,880, hadi kituo cha Mandara chenye mita 2,720, ni kama kilomita nane. Kilomita hizo zinatoa saa moja na dakika 36. Mwinuko wa mita 840 unaongeza saa moja na dakika 24. Jumla ni saa tatu. Naismith alikuwa akiwahesabia watu wakakamavu wasiopumzika, kwa hiyo familia yenye watoto na iongeze angalau nusu ya muda huo.

Hesabu hiyo inafichua zawadi ambayo wakazi wengi wa Moshi na Arusha hawajaichukua. Mtu anaweza kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro asubuhi, akatembea msituni hadi Mandara, akaongeza mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi, akatazama tambarare zinazovuka mpaka hadi Kenya, akarudi langoni kabla ya giza. Hakuna kulala baridini wala kukodi mavazi ya theluji. Kiingilio cha raia wa Tanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha mgeni. Aliyefanya hivyo ameutembea Mlima Kilimanjaro kweli, na hana sababu ya kuona haya kwa kutofika Uhuru.

Kurudi kulala chini kuna faida nyingine. Kuanzia mita 2,500 hivi mwili huanza kuhisi uhaba wa hewa: kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi unakatika. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiinue mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Mandara hadi Horombo ni kuruka mita 1,000 kwa siku moja, na ndiyo maana wanaoendelea juu hushauriwa kulala Horombo usiku wa pili ili mwili uzoee. "Pole pole" ya waongozaji ni ushauri wa kitabibu uliovaa nguo za kawaida.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kisingizio cha umbali kimepungua tangu Juni 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro. Milima ya Uluguru imesimama juu ya mji wenyewe. Njia ya kwenda Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo mlimani, inapanda ikipita bustani za mboga za Waluguru, na mtembeaji hukutana na akina mama wakishuka na mizigo ya mazao kuwahi sokoni. Ni njia ya daraja la kati. Anayetembea mara kwa mara ataifurahia, na asiye na mazoezi atafika akihema lakini atafika. Milima hiyo ni chanzo cha Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam maji. Inafaa mwenye bomba jijini aione asili ya maji yake kwa macho.

Lushoto nako kuna neema ya aina yake. Kutoka mjini hadi mwamba wa Irente ni mwendo wa kilomita tano au sita kupitia vijijini, katika hewa baridi ya Usambara. Mwishoni ardhi inakatika ghafla, na tambarare ya Mazinde inaonekana chini sana. Njia yenyewe ni rahisi kwa mzee na kijana. Ukingo wa jabali ndio unaotaka nidhamu, na mtoto ashikwe mkono. Wanaotaka zaidi wana Msitu wa Magamba karibu na mji, au safari ya siku kadhaa kutoka kijiji hadi kijiji kuelekea Mtae.

Na wapo ambao mwinuko wa aina yoyote ni tatizo: mwenye maumivu ya magoti, mama mjamzito, bibi wa miaka sabini. Hao wasiachwe nyumbani. Unguja, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, njia ni tambarare, kima punju hukaa karibu na wapita njia, na ndani ya mikoko limejengwa daraja la mbao ambalo mtu hulipita bila kukanyaga tope. Hiyo ni njia kamili ya matembezi, si ya daraja la pili.

Upande wa pili wa ngazi yuko aliyekomaa. Kwake, Mlima Meru ni mtihani wa haki. Una mita 4,566, hupandwa kwa siku tatu au nne, na kundi husindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Anayefikiria Kilimanjaro angefanya busara kupita Meru kwanza.

Orodha hii inaonyesha kwamba nchi haina upungufu wa njia. Kinachopungua ni taarifa. Nje ya hifadhi za taifa, mtembeaji hufika mwanzo wa njia akakuta kibao kilichofutika, au hakuna kibao kabisa. Anaulizia, anaambiwa "ni hapo tu", na "hapo tu" ya mkulima aliyepanda kilima hicho tangu utotoni inaweza kuwa saa tatu za mtu wa ofisini. Hivyo ndivyo watu wanavyokamatwa na giza msituni, na katika latitudo zetu giza halibembelezi: jua likizama, nusu saa baadaye huoni unapokanyaga.

Uswisi ina zaidi ya kilomita 60,000 za njia za miguu zenye alama. Vibao vyake vya njano huandika muda wa kufika, na rangi zilizopakwa njiani humwambia mtembeaji kama njia ni ya kawaida, ya mlimani, au ya wataalamu pekee. Hakuna kitu hapo kinachohitaji utajiri wa Uswisi. Ni ubao, rangi tatu na mtu mmoja mwaminifu aliyeitembea njia akiwa na saa mkononi.

Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ambao unasimamia misitu ya hifadhi asilia kama Uluguru na Magamba, pamoja na halmashauri zenye vilima, wangeweza kuanza na hilo kabla ya mradi wowote mkubwa. Kila mwanzo wa njia uwe na kibao chenye mambo manne: urefu kwa kilomita, mita za kupanda, muda wa mtu wa kawaida kwenda na kurudi, na daraja la ugumu. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza. Vijana wa vijijini wanaoongoza wageni wafundishwe huduma ya kwanza na watambulishwe rasmi, ili familia ya mjini ijue nani wa kumfuata na malipo yake ni kiasi gani.

Msomaji naye ana sehemu yake, na si ngumu. Epuka Machi hadi Mei, masika yanapogeuza njia za udongo kuwa utelezi, na lenga Juni hadi Septemba. Vaa raba zenye soli ya meno, acha malapa nyumbani. Beba maji kuliko unavyodhani utahitaji, beba na tochi hata kama unaondoka asubuhi, na mwambie mtu aliyebaki saa unayotarajia kurudi. Kabla ya kuondoka, muulize mwongozaji mita za kupanda, saa za kwenda na kurudi, na mahali pa kugeuzia mtoto akichoka. Akikosa majibu, tafuta mwongozaji mwingine.