SAYANSI ISIFUNGIWE MAABARANI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii yatuhusu sana sisi wa shule ya kutwa, maanake kila jioni tunarudi nyumbani na tuliyosoma mchana. Je, tukifika huko tunaweza kumweleza nani?

Chukua mfano wa kichocho. Hapa Ahero tumezungukwa na mashamba ya mpunga, na watu wetu hushinda majini wakipanda na kupalilia. Darasani tunachora maisha ya mnyoo huyu, tunaandika majina yake ya Kilatini na kupewa alama. Lakini nje ya lango utasikia mtu akisema ati ukichemsha maji ya kunywa, basi umemaliza. Kuchemsha ni vizuri, kwani huzuia kipindupindu na homa ya matumbo. Kichocho nacho hakingoji unywe. Mayai ya mnyoo hutoka kwa mkojo au choo cha mgonjwa, huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka vingi vikitafuta mtu. Hupenya ngozi hata kama maji ni maangavu na huna kidonda. Ndiyo sababu dawa peke yake haitoshi bila vyoo: mtu hutibiwa leo, kesho amerudi majini.

Hayo yote yamo katika madaftari yetu. Tunachokosa ni mazoezi ya kuyaandika kwa lugha ambayo mama anayeuza samaki sokoni ataielewa.

Kuna watakaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Si kweli! TUKI ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka wa 1990. Wengine watasema sayansi hutahiniwa kwa Kiingereza. Sawa, lakini karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE ni insha. Mbona basi kila muhula tuandike juu ya siku ambayo hatutaisahau?

Hata hivyo, kazi hii si kutafsiri tu, lazima tufundishwe. Tufundishwe pia kutotia chumvi. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwa watoto huku magharibi mwa Kenya mnamo Septemba 2019, mtu angeandika kwamba malaria imekwisha, angekuwa amedanganya. Chanjo hiyo hupunguza ugonjwa, haiumalizi, na chandarua bado chahitajika. Msomaji akidanganywa mara moja, mara ya pili hasikii tena.

Kwa hivyo naomba Chama chetu cha Kiswahili kishirikiane na walimu wa sayansi. Kila mradi unaokwenda kwenye maonyesho ya sayansi uandikiwe ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mwalimu wa sayansi akague ukweli, mwalimu wa Kiswahili akague lugha. Kisha usomewe mtu mzima ambaye hakufika sekondari. Asipoelewa, mwandishi ndiye arudie, wala tusimwite msikilizaji mjinga.

Wenzangu, wengi wetu karo yetu yatoka kwa mpunga. Anayesimama majini ili sisi tusome anastahili kujua kile tunachokijua. Kinga ni bora kuliko tiba.