Hatuli Karatasi ya Pakiti

Wako askari ambao siku ya mshahara ni matajiri, na siku ya ishirini ni wakopaji. Kambini kila mtu huilaumu bei ya vitu, na lawama hiyo haikosi haki. Lakini liko swali jingine lipasalo kuulizwa: katika shilingi zinazoachwa dukani, ni ngapi zinazonunua chakula, na ni ngapi zinazonunua jina la kiwanda?

Swali hilo lina umri. Mwaka 1976 kampuni ya Carrefour ya Ufaransa ilianza kuuza bidhaa 50 katika pakiti nyeupe zisizo na jina la kiwanda, kwa bei ya chini. Mwaka 1978 maduka ya Loblaws ya Kanada yakafuata kwa pakiti za manjano, na mwaka 1993 Tesco ya Uingereza ikaanzisha aina yake ya bei nafuu. Wako waliozidharau kuwa chakula cha wanyonge. Lakini bei za vyakula zilipopanda Uingereza kwa karibu asilimia 19 katika mwaka ulioishia Machi 2023, wanunuzi wengi walizikimbilia pakiti hizo hizo.

Martin Lewis, mshauri maarufu wa mambo ya fedha nchini humo, huwaambia Waingereza washuke ngazi moja. Azoeaye chakula chenye jina kubwa ajaribu kile chenye alama ya duka lenyewe. Azoeaye cha duka ajaribu cha bei ya chini kabisa. Asipoona tofauti, abaki huko. Akiiona na ikamchukiza, arudi alikotoka. Hakuna alichopoteza ila pakiti moja.

Bei ya chini si lazima iwe dalili ya ubovu. Mara nyingi kilichopunguzwa ni matangazo, rangi za pakiti na faida ya mwenye jina. Chumvi ni chumvi, na sukari ni sukari. Hata hivyo, kuna vitu ambavyo kinachopunguzwa ni chakula chenyewe: soseji za bei ya chini huwa na nyama kidogo, na nyanya za kopo huweza kuwa na maji mengi. Kwa hiyo ulimi na maandishi ya pakiti ndivyo viwe waamuzi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona basi tunakiamini zaidi kile kinachotembezwa redioni kutwa kucha?

Nasi Uganda tunaweza kujaribu vivyo hivyo. Majani ya chai ya aina mbili yapikwe, yatiwe katika vikombe visivyo na alama, na wa nyumbani waonje bila kuambiwa bei. Kisha tupime uzito. Tuseme pakiti ya gramu 400 inauzwa shilingi 3,200, na ya kilo moja shilingi 7,000. Ile ndogo yaonekana rahisi, kumbe kilo yake ni shilingi 8,000.

Urahisi nao una mpaka. Unga wa posho wenye harufu ya ukungu usinunuliwe kwa bei yoyote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, nayo ni sumu inayoweza kuleta saratani ya ini. Tutazame alama ya Shirika la Viwango na tarehe ya mwisho ya kutumika, ndipo tutazame bei.

Wapo watakaosema kwamba mwenye cheo hawezi kuonekana na pakiti ya mnyonge. Tumbo halisomi cheo begani. Aibu iliyo kubwa ni ya askari ambaye kadi yake ya benki imeshikwa na mkopeshaji, au ya polisi anayesimama barabarani akiwa na deni la chakula, huku dereva mwenye makosa akimnyoshea noti. Mtu huyo anajaribiwa mahali ambapo mwenziwe asiye na deni hupita salama. Hatusemi kwamba kubana matumizi kunaweza kushika nafasi ya mshahara ufaao. Twasema kwamba mlinzi wa mali ya wananchi aanze kwa kulinda mfuko wake.

Basi mwezi huu kila nyumba ichague kitu kimoja tu, chai au mafuta ya kupikia, ikishushe ngazi moja. Kikifaa, tofauti ya bei iwekwe katika chama cha akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, kabla haijapata kazi nyingine. Mwezi ujao kichaguliwe cha pili. Haba na haba hujaza kibaba, na askari mwenye kibaba chake hamwogopi mkopeshaji.