Kiko cha Bibi na sanduku la mzee wa kanisa



Leo naomba tuzungumze jambo ambalo si kawaida kuingia katika safu hii: starehe ya tumbaku. Sisemi sigara za kawaida zinazouzwa mojamoja kwenye vibanda vya stendi. Nasema biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa mkono, majani matupu bila karatasi, ambayo mwenye uwezo huinunua kwa bei ghali, huitunza kwa miezi au miaka, kisha huivuta polepole jioni moja akiwa ametulia. Kwa wenyewe hiyo ni burudani kama mwingine anavyokusanya stempu au kufuga njiwa.

Nimeifahamu kwa karibu mwaka huu nilipokaribishwa kwa mzee mmoja mstaafu, si mbali na Omurushaka, pale inapoanzia barabara ya Nkwenda na Murongo. Ni mzee wa kanisa na mtu wa sala. Ameniruhusu kuandika haya mradi nisimtaje. Mtoto wake anaishi ng'ambo, na kila anapokuja likizo humletea biri chache.

Baada ya chai akaniambia, "Njoo mwanangu, nikuonyeshe watoto wangu wengine." Akafungua kabati, akatoa sanduku la mbao lililong'arishwa. Alipoinua kifuniko ilitoka harufu ambayo, niseme ukweli, ilinipendeza: kama ngozi mpya, kama asali, kama ubao uliorandwa asubuhi. Ndani zilipangwa biri kumi na kitu, na kando yake kipimo kidogo cha saa kinachoonyesha unyevu wa hewa.

Akaanza kunifundisha. Biri ni kitu chenye uhai kidogo, alisema. Hewa ikikauka, jani linapasuka na moshi unakuwa mkali mdomoni. Hewa ikiwa na maji mengi, inaota ukungu. Kwa hiyo unyevu ndani ya sanduku unatakiwa uwe karibu asilimia 70, na joto lisivuke sana nyuzi 20. Joto likizidi, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya majani huanguliwa, na kabla hujajua biri zote zimetobolewa kama maharage yaliyoliwa na dumuzi. Hapo baridi ya Karagwe inamsaidia. Kazi inakuwa ngumu Juni hadi Agosti, vumbi likitanda na hewa ikikauka, ndipo anapolowesha sifongo kila baada ya siku chache.

Sanduku lenyewe limetandazwa mbao ambazo wauzaji huziita mwerezi wa Kihispania. Nikadhani nimekutana na mierezi ya Lebanoni ya Mfalme Sulemani! Kumbe sivyo. Mti huo asili yake ni Amerika, ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu, na umepandwa sehemu mbalimbali za Tanzania. Mbao zake hupokea na kutoa unyevu taratibu, na harufu yake huwafukuza wadudu.

Kuna adabu ya kuvuta pia. Kichwa cha biri hukatwa kwa kisu chenye makali, hakitafunwi kwa meno. Huwashwa kwa njiti, si kwa kiberiti cha petroli kinachoacha harufu. Moshi haumezwi kifuani. Huonjwa mdomoni na kuachiliwa. Wala haizimwi kwa kukandamizwa. Huachwa kando ife yenyewe. Na majani hayo kabla ya kufika hapo yamelundikwa na kuchachushwa kwa miezi, yamehifadhiwa, kisha fundi ameyapanga kwa tabaka tatu: ya moyoni, ya kufungia na ya kuvalisha. Kule Kuba, tangu mwaka 1865, mafundi hao wamekuwa na msomaji wao, mtu anayeketi mahali pa juu na kuwasomea magazeti na riwaya wakati wao wanasokota. Zamani mshahara wake walimchangia wao wenyewe kutoka mifukoni mwao. Nilipenda sana hilo.

Nilikaa pale karibu saa mbili, sikuchoka. Mtu anayetunza kitu kwa uangalifu namna ile anapendeza kumsikiliza, hata kama kitu chenyewe hukitaki.

Lakini wakati akieleza, mawazo yangu yalikuwa kwa bibi yangu, mzaa baba. Bibi alikuwa na kiko cha udongo. Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, alipanda miche michache ya tumbaku, akakausha majani juu ya moto wa jikoni, akayahifadhi katika kifurushi cha majani ya mgomba ili yasikauke kupita kiasi. Alikuwa akiyafungua, anayagusa kwa vidole, ananyunyiza maji kidogo, anafunga tena. Kipimo cha unyevu hakuwa nacho, alitumia vidole. Masizi ya ndani ya kiko aliyakwangua kwa msumari kila baada ya siku kadhaa. Jioni, kazi za shamba zikiisha, aliketi mlangoni akavuta, na sisi wajukuu tulijua kwamba hiyo ndiyo saa ya kuomba hadithi.

Na Bibi hakubuni jambo geni. Tumbaku ilivuka bahari kutoka Amerika, lakini ilifika kwetu zamani. Speke na Grant walipofika Karagwe Novemba 1861, walimkuta Mfalme Rumanika ameketi chini pamoja na nduguye Nnanaji, amekunja miguu, na Speke akaandika kwamba kando yao vililala viko vikubwa vya udongo mweusi. Mfalme akawasalimu kwa Kiswahili kizuri. Kwa hiyo wageni wa kwanza wa Kizungu kuingia Karagwe walikuta kiko mbele ya mfalme, na hakuna aliyeona aibu.

Aibu ilikuja baadaye, nasi tuizungumze kwa haki. Uamsho ulipotufikia kutokea Rwanda na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1930 na miaka iliyofuata, watu waliungama hadharani, wakaacha pombe, wakaacha tumbaku, wakarudisha vya watu walivyoiba. Nyumba nyingi ziliponywa. Mimi ni mjukuu wa matunda hayo kwa upande wa mama, sitayadharau. Ila panapokuwa na moto mkubwa, huwa kuna mtu anayeungua bila sababu. Bibi alipokataa kuacha kiko, aliambiwa hatashiriki Meza ya Bwana mpaka atakapotubu na kurudi kundini. Mwinjilisti alipoonekana mbali njiani, Bibi alichomeka kiko kwenye nyasi za paa. Kila Jumapili ya Chakula cha Bwana alikwenda kanisani, akaketi benchi la nyuma, wenzake wakaenda mbele, yeye akabaki ameinamisha kichwa. Alikufa hivyo. Kanisa silitaji, na waliohusika wamekwisha kulala.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji. Nilipokuwa nafunga safari kurudi, mzee yule alinitajia kama jambo la kawaida tu kwamba baraza la wazee lina shauri la mama mmoja mjane, anayelima vibarua katika mashamba ya kahawa. Amelalamikiwa kwamba anavuta kiko, ameonywa mara mbili, na sasa linatajwa neno lile lile: kutengwa. Na mzee wangu ni mmoja wa watakaoamua.

Sikusema neno. Nilimuaga, nikapanda gari. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikafungua Waraka wa Yakobo, sura ya pili. Wengi wetu tunaikumbuka. Watu wawili wanaingia katika mkutano mmoja. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti cha heshima, wa pili anaambiwa asimame kule au aketi sakafuni. Yakobo anauliza kama hatujajifanya mahakimu wenye mawazo maovu. Tumezoea kuisoma sura hii tukifikiria nguo na viti. Isome tena ukifikiria biri na kiko.

Tumbaku ni ile ile. Mmoja ameiweka katika sanduku lenye kipimo, tunaita burudani ya mtu mstaarabu, tena siku ya harambee tunamwita mgeni rasmi. Mwingine ameifunga kwa jani la mgomba, tunaita dhambi na ushamba. Biri moja nzuri inaweza kugharimu kuliko anachopata mama yule kwa siku nzima ya kuchuma kahawa, na zaidi. Kama kuna swali la matumizi ya fedha ambazo Mungu ametukabidhi, tungeanzia kwa nani?

Wapo watakaoniambia kwamba hata watumishi wakubwa wa Mungu walivuta. Ni kweli. Mwaka 1874 huko London, mhubiri mgeni kutoka Marekani, George Pentecost, alishuhudia katika kanisa la Charles Spurgeon jinsi alivyopambana mpaka akaacha biri. Spurgeon akasimama baada yake na kuwaambia watu kwamba yeye jioni ile ataivuta yake kwa utukufu wa Mungu. Magazeti yalichemka, naye akaandika barua kwenye gazeti la Daily Telegraph kujitetea. Nimejiuliza mara nyingi: je, angekuwa mwanamke maskini wa benchi la nyuma aliyesimama na kusema vile, angeandikiwa historia, au angetolewa nje?

Hata hivyo sitaki mtu achukue ukurasa huu akawashie biri. Moshi usiomezwa bado unaumiza. Sumu ya nikotini hupita kwenye ngozi laini ya mdomo, na biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku kiasi cha pakiti nzima ya sigara. Saratani ya mdomo, ya koo na ya umio haiulizi kama jani lilitoka Kuba au nyuma ya migomba, na familia ya Karagwe iliyowahi kumpeleka mgonjwa Bugando kule Mwanza kwa ugonjwa huo inajua ilichouza ili kupata nauli na dawa. Wajukuu wanaoketi kusikiliza hadithi nao wanavuta, bila kuombwa ridhaa. Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia mwaka 2018 Vatikani isiuze tena sigara, kwa sababu haiwezi kunufaika na kitu kinachodhuru afya za watu. Hoja hiyo ninaielewa. Ni hoja ya kumpenda mwenye mwili, nayo inamfaa mzee wa sanduku na mama wa kiko kwa kipimo kimoja.

Ninachokikataa ni hoja nyingine, ile inayovaa joho la utakatifu lakini ndani yake ni dharau kwa maskini. Mama yule akitembelewa na wazee wawili wakamwuliza kikohozi chake, wakamsikiliza kwa nini anahitaji moshi jioni baada ya kutwa nzima kuchuma kahawa ya mtu mwingine, wakamsaidia kuacha kama anataka, huo ni uchungaji. Akiitwa mbele ya meza ya watu saba, mmoja wao ana biri kumi kabatini, huo ni nini?

Nilirudi kwa mzee wiki tatu baadaye. Nilikuwa nimebeba kiko cha Bibi, ambacho baba yangu alinikabidhi na ambacho hukaa kwangu kimefungwa kitenge. Nilimwamkia, akaniitikia, nikakiweka mezani, nikamsimulia habari za benchi la nyuma. Alikichukua, akakigeuza, akaingiza kidole ndani.

"Kilitunzwa," akasema. Kisha akanyamaza muda mrefu, mke wake akaleta kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, tukachukua moja moja kama desturi yetu inavyotaka.

"Waitu," nilimwambia, "mimi si wa kukufundisha."

"Umekwisha kunifundisha," akajibu, na sauti yake haikuwa ya furaha. Aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyokaa barazani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za sanduku, ingawa mchungaji na wazee wenzake wote wameliona, na wawili wamewahi kupewa biri kama zawadi. Akaongeza kwamba alikuwa anajiambia kuwa yake ni tofauti kwa sababu anavuta mara moja tu kwa juma. "Yule mama naye pengine anavuta mara moja kwa siku kwa sababu hana kingine," alisema.

Sijui ataacha biri zake. Sikumwomba, naye hakuahidi. Baraza linakaa Jumamosi ijayo. Amesema kabla jina la mama yule halijatajwa, yeye atasimama na kusema habari zake mwenyewe, na kama kuna atakayezuiwa Meza ya Bwana, waandike majina mawili.

Nimemwachia kiko cha Bibi. Ameomba akibebe siku hiyo.