Kidingapopo: Kinga Iliyolegea Yaweza Kuponza



Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akiugua maradhi fulani mara moja na akapona, amekwisha lipa deni. Kwa surua imani hiyo ni sahihi. Kwa homa ya dengue, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia kidingapopo, imani hiyo yaweza kumponza mtoto.

Homa hii huletwa na virusi vinavyobebwa na mbu wa aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana. Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko wake mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Virusi vyenyewe ni vidogo ajabu: 20,000 vikipangwa mstari mmoja vyaenea katika milimita moja. Kila kimoja kimevikwa joho la protini 180, zilizolala mbili mbili. Joho hilo si pambo. Ndilo mkono wa kuishikia chembe hai ya mwili, na ndilo ufunguo wa kuifungulia.

Kwa hiyo mwili ukishambuliwa hutengeneza kingamwili za kulikamata joho hilo. Zikilishika barabara, virusi haviwezi tena kuingia. Chanjo nayo kazi yake ni hiyo hiyo: kuuonyesha mwili joho la adui kabla adui mwenyewe hajafika.

Tatizo ni kwamba virusi vya dengue viko vya aina nne, na majoho yao yanafanana bila kuwa sawa. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, na kinga ya miezi michache tu dhidi ya zile nyingine. Baadaye ikija aina tofauti, kingamwili za zamani hulishika joho lake kwa ulegevu. Huwa kama mlinzi aliyemkamata mwizi kwa upindo wa kanzu, asimfunge, bali akamwingiza nyumbani. Kwani zipo chembe nyeupe za damu zenye desturi ya kumeza kila kilichoshikwa na kingamwili. Na virusi hivi huzaliana humo humo. Dakta Scott Halstead, Mmarekani, alilichunguza jambo hili nchini Thailand katika miaka ya 1960. Aliona kwamba watoto waliozidiwa aghalabu walikuwa wakiambukizwa mara ya pili, au walikuwa wachanga waliorithi kingamwili za mama zao.

Funzo chungu lilitokea Ufilipino. Aprili 2016 serikali ilianza kuwachanja watoto wa shule kwa Dengvaxia, chanjo ya kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa. Zaidi ya watoto 800,000 walichanjwa. Novemba 2017 kampuni ikatangaza kwamba aliyechanjwa kabla hajapata kuambukizwa kamwe yumo katika hatari zaidi ya kuugua vikali. Wataalamu walieleza kuwa kwa mtoto kama huyo chanjo ilikuwa mithili ya ugonjwa wa kwanza. Kazi ya kuchanja ikasimamishwa.

Je, chanjo basi itupwe? La hasha. Jambo kubwa ni mahali kingamwili inaposhika. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College, London, pamoja na wenzao, walieleza kingamwili zinazoshika kwenye maungio ya zile protini mbili, mahali panapofanana katika aina zote nne. Hapo ndipo watafiti wanapopalenga. Nayo chanjo mpya zaidi, Qdenga, Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika sehemu ambako ugonjwa umeenea sana.

Nyumbani kwetu, mama na baba wayakumbuke haya. Mgonjwa wa dengue asipewe aspirini wala diklofenaki, kwa kuwa huzidisha hatari ya kutoka damu. Parasetamoli yatosha, pamoja na vinywaji kwa wingi. Homa inaposhuka msistarehe, maana ndipo hatari hujitokeza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu. Mpelekeni hospitali mara moja, nanyi mwambieni mganga kama aliwahi kuugua dengue zamani. Vifuu, makopo na mataili yaliyotuama maji yamwagwe kila wiki, kwani humo ndimo mbu huyu hutaga.

Aliyepona mara moja ashukuru, lakini asivue chandarua cha tahadhari.