Mafuta ya Kuotesha Nywele: Pima Kwanza

Labda umekwisha kuonyeshwa chupa ya mafuta ya kuotesha nywele sokoni hapa Luena. Muuzaji huisifu sana. Kabla ya kufungua mfuko wako, jiulize: nywele zangu zimeanguka kwa sababu gani?

Mama wengi hupoteza nywele juu ya paji na kando ya masikio kwa sababu ya misuko inayovuta. Dawa yake si chupa. Legeza misuko mapema, maana ukiendelea miaka mingi mizizi hufa. Mama aliyezaa huona nywele nyingi zikianguka miezi michache baadaye. Kwa kawaida hurudi zenyewe. Na mtoto mwenye mapunye, yaani mabaka ya magamba kichwani, haponi kwa mafuta, kwa sababu ugonjwa umeingia ndani ya nywele. Anahitaji dawa ya kumeza.

Iko dawa ya kupaka iliyothibitishwa kwa upara wa ukoo, nayo ni minoksidili. Kwanza ilikuwa kidonge cha damu kupanda, na wagonjwa walioimeza wakaota nywele. Mwaka 1988 Marekani iliruhusu ipakwe kichwani. Lakini hata hiyo huweza kuwasha ngozi na kuotesha nywele usoni. Mara chache moyo huenda mbio na mtu huona kizunguzungu. Ukiiacha, nywele ulizopata huanguka tena baada ya miezi michache. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasiitumie. Tena wako watoto wachanga walioota nywele mwilini kwa kugusa ngozi ya mzazi iliyopakwa dawa hiyo.

Ikiwa dawa inayojulikana hivi yataka uangalifu, utasemaje juu ya chupa isiyoandikwa kilichomo? Huenda mna kortizoni kali, ambayo ikipakwa siku nyingi hupunguza unene wa ngozi. Wewe hujui, na muuzaji naye pengine hajui.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: usipake kichwani dawa usiyojua jina lake wala sababu ya kuitumia. Ukiona mabaka, usaha, maumivu, au nywele zikianguka kwa ghafula, nenda hospitali ukapimwe, na ile chupa uichukue pamoja nawe.

Upara wenyewe hauui mtu. Basi usiutibu kwa kitu kinachoweza kukudhuru wewe au mtoto uliyembeba.